Safina Bila Twiga

Zedekiah Makau alikuwa karani wa zamu katika reli kabla hajawa meneja wa wachongaji. Kazi ya karani wa zamu ni kuhakikisha kwamba hakuna treni inayokaa stesheni ikimngoja dereva. Dereva akiugua, akifiwa, au akinywa Jumapili hata Jumatatu isimwone, karani lazima ajue nani wa kumwita badala yake na anaishi mlango gani. Makau aliifanya kazi hiyo katika stesheni ya Makadara, Nairobi, tangu alipotoka Kangundo akiwa kijana mwenye cheti cha shule, hadi mwaka 1977, shirika la reli la nchi tatu lilipogawanyika na kazi nyingi zikapangwa upya. Alistaafu mapema, akarudisha ufunguo wa nyumba ya reli pale Makongeni, akahamia vyumba viwili vya kupanga Jericho pamoja na mkewe, Wayua, na watoto wao.

Kilichompeleka kwa wachongaji ni ndoa. Kaka yake Wayua, aliyeitwa Mutisya, alikuwa akichonga twiga katika banda kubwa la mabati nyuma ya Barabara ya Jogoo, karibu na soko la Burma. Banda lilikuwa mali ya ushirika wa wachongaji, wengi wao Wakamba. Walikuwa wakitafuta mtu wa kuandika barua na kusema na wanunuzi. Mutisya alisimama mkutanoni akasema, "Mimi nina shemeji aliyekuwa akiamsha madereva wa treni siku ya Jumatatu. Kama aliwaweza wale, sisi hatutamshinda." Watu walicheka, na Makau akaajiriwa.

Banda lile lilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Kila mnyama alikuwa na benchi lake, na kila benchi lilikuwa na ukoo wake. Mtu alijifunza mnyama kwa baba au kwa mjomba, kisha akamfundisha mwanawe au mpwa wake. Twiga walikuwa wa ukoo wa Mutisya, watu wa kijiji kimoja karibu na Wamunyu. Tembo walikuwa wa watu wa Mwala. Simba, vifaru na viboko nao walikuwa na wenyewe. Hakuna sheria iliyomkataza mtu wa tembo kuchonga twiga, lakini angefanya hivyo ingekuwa kama kuingia shamba la jirani na jembe begani. Nje ya koo hizo walikuwako wapasuaji wa magogo, kama Simiyu wa kutoka Bungoma, mwanamume mrefu aliyewahi kufanya kibarua viwandani. Na wanawake wa kupiga msasa, waliosimamiwa na Lydiah Nerima, ambaye bandani aliitwa Mama Wekulo kwa jina la kifungua mimba wake.

Mwaka 1980 Makau aliishauri kamati iache biashara ya kutawanyika. Kila benchi lilikuwa likichonga lilichopenda, na wenye maduka ya mjini walipita wakichagua na kuvuta bei chini. Makau alikuwa amempata mnunuzi wa Kijerumani aliyetaka kitu kimoja tu: safina ya Nuhu. Ilikuwa sanduku la mbao lenye paa linalofunguka, na ndani yake wanyama wawili wawili. Safina ziliuzwa Ulaya kabla ya Pasaka, kwa hiyo ilikuwa lazima zipakiwe melini Mombasa mwanzoni mwa Desemba. Kamati ilikubali. Ushirika ungechonga safina, na ungejulikana kwa sifa moja, kwamba mzigo wake haucheleweshwi.

Wazo hilo lilikuwa zuri, na bado naliona zuri. Kosa lilikuwa katika kuwapanga watu, na kosa hilo lilikuwa la Makau mwenyewe. Alipochora mpango wa uongozi aliyachukua mabenchi kama alivyoyakuta, akampa mzee wa kila benchi cheo cha msimamizi. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kila mtu alipewa cheo alichokuwa nacho tayari. Safina za mwaka wa kwanza zilikuwa chache, zikaondoka mapema. Oda ya mwaka 1981 ilikuwa kubwa.

Mwishoni mwa Oktoba mvua ilinyesha Wamunyu. Habari iliingia bandani asubuhi na mtu aliyeshuka basi akiwa na tope jipya kwenye viatu. Kabla ya saa sita benchi la twiga lilikuwa tupu. Mkamba halaumiwi kwa jambo hilo, maana mvua ya kwetu ni ya kupapia, na anayechelewa kupanda hula kwa jirani. Mwala ilikuwa haijanyesha bado, kwa hiyo tembo walikuwapo. Simba walikuwapo. Masanduku yalipangwa ukutani, kila moja likiwa na wanyama wote isipokuwa mmoja.

"Twiga wako wapi?" Makau aliuliza.

"Wameenda kupanda mahindi," Lydiah alijibu, bila kuacha kumsugua kiboko aliyekuwa mapajani mwake. "Na maharagwe, nasikia."

Makau alipanda basi hadi Wamunyu. Alimkuta Mutisya nyuma ya plau, miguu mitupu.

"Shemeji, meli haitatungoja."

"Na mvua je? Umeiandikia barua ikusubiri?" Mutisya hakuwasimamisha ng'ombe. "Chukua mjeledi huo. Tukimaliza upesi tutarudi wote."

Makau alichukua mjeledi, akaswaga ng'ombe hadi jioni akiwa na suruali yake ya ofisini. Hata hivyo shamba halikwisha siku hiyo wala kesho yake, na baada ya shamba la Mutisya yalikuwapo ya ndugu zake. Benchi la twiga liliporudi, meli ilikuwa imeondoka. Kwa meli iliyofuata, safina zingefika Ulaya maduka yakiwa yameshanunua bidhaa za Pasaka.

Mjerumani alikuja mwenyewe Nairobi. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliowatisha. Alisema atawapa mwaka mmoja zaidi; zikichelewa tena, atanunua kwingine. Wenye maduka ya mjini walikuwa wameshapata wachongaji wengine. Kila mtu bandani alielewa kwamba wakiikosa safina watarudi kutembeza vinyago kando ya barabara, wakikimbia askari wa jiji.

Makau alikaa na mawazo hayo kwa muda mrefu. Jambo lililomuuma ni kwamba alilijua jibu tangu zamani. Relini hakuna kazi iliyomtegemea mtu mmoja. Lakini alipoingia bandani alikuwa ameweka mnyama mmoja, ukoo mmoja na wingu moja katika kitengo kimoja, kisha akakipa jina la mpango.

Mapema mwaka 1982 aliitisha mkutano. Watu walikaa juu ya magogo ya mhuhu, na yeye akasimama karibu na mlango.

"Kila mnyama atakuwa na mafundi ambao hawapandi siku moja," alisema. "Na kila msimamizi amfundishe mtu wa kushika nafasi yake, asiyetoka kijijini kwake. Anaweza kuwa wa Kangundo. Anaweza kuwa wa Bungoma. Wa Bungoma wanapanda mwezi wa tatu, wakati sisi hatuna oda."

Wa kwanza kusimama alikuwa Kitonga, mwana wa Mutisya, ambaye kila mtu alijua angerithi benchi la baba yake.

"Mzee, yaani twiga wetu wapewe kila anayepita njia?"

"Sijasema kupewa. Nimesema wafundishwe."

"Ni kitu kimoja. Ukifundisha, umeuza, na hujalipwa." Kitonga aliketi, akawageukia vijana wenzake na kuongeza kwa lugha ya mtaani, "Huyu buda anatuchezea."

Mutisya aliinuka polepole. Hakuonekana kuwa na hasira.

"Shemeji, ulikuwa karani mzuri. Sasa nijibu. Barua za Mjerumani huandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Anayemjua mtu wa forodha kule Mombasa?"

"Ni mimi."

"Anayesema tembo huyu aende na tembo yule arudi?"

"Mimi."

"Ukishikwa na malaria?"

Upande wa wanawake sauti moja ikasema, "Tunafunga banda, tunafanya maombi!" na watu wakaangua kicheko.

Mutisya alingoja kicheko kiishe. "Siku utakapomfundisha mtu kukalia kiti chako, na asiwe Mkamba kama unavyotaka mimi nifanye, siku hiyo niletee mwanafunzi. Nitamfundisha twiga. Kabla ya hapo, usiniambie."

Mkutano ulivunjika hivyo. Makau alitembea hadi Jericho akiwa amenuna. Wayua alikuwa akichambua mahindi na maharagwe ya githeri mlangoni.

"Kaka yako amenivua nguo mbele ya watu," Makau alimwambia.

Wayua alisikiliza habari yote mpaka mwisho. "Hakukuvua," alisema. "Ulitoka nyumbani hivyo hivyo."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu ni ndugu yako."

"Kwani amesema uongo?"

Makau alikaa kwenye kibao. Baadaye alisema jambo ambalo hakuwa amelisema mkutanoni. Alikuwa ameshatoka relini. Hakuwa na kazi nyingine ya kwenda, na umri wake haukuwa wa kuanza upya. Kiti kinachojulikana na mtu mmoja, hakuna anayeweza kumwinua. Kikijulikana na wawili, siku moja mmoja huambiwa asimame.

"Na Mutisya," Wayua aliuliza, "unadhani yeye anaogopa kitu gani tofauti?"

Hilo ndilo lililomgeuza Makau. Wiki iliyofuata aliieleza kamati kwamba atamfundisha Lydiah Nerima kazi ya umeneja. Lydiah alikuwa amesoma hadi kidato cha pili kwao Kimilili, upande wa Bungoma, aliandika Kiingereza kilichonyooka, na kwa kuwa kila mnyama alipita mikononi mwa wanawake wake, aliwajua mafundi wote kwa kazi zao kabla ya sura zao. Kamati ilishtuka lakini haikukataa. Makelele yalitoka kwenye mabenchi.

"Sasa tutaongozwa na msasa?" mzee mmoja wa simba alimuuliza Lydiah mbele za watu.

"Baba, msasa ndio unaofanya simba wako aitwe simba," Lydiah alimjibu. "Anapofika kwangu huwa ni kuni."

Kufundisha kulimshinda Makau mwanzoni. Alimpa Lydiah barua aijibu, kisha akaijibu mwenyewe kabla Lydiah hajafika kazini. Alimwachia kuchagua wanyama, halafu akapita nyuma yake akichagua tena. Lydiah alivumilia hadi mwezi wa tano, ndipo akafunga mlango wa ofisi na kusema, "Mzee, leo nenda ukanywe chai Burma."

"Sina kiu."

"Najua. Lakini ukiwa hapa, watu wanaongea na mimi huku wanakutazama wewe."

Makau alienda kunywa chai. Kesho yake alienda tena. Tuliosomea uongozi tumefundishwa maneno marefu ya jambo hili, lakini kwa Makau lilikuwa ni kukaa hotelini na kikombe mbele yake, akijizuia kuinuka. Kufikia katikati ya mwaka Lydiah alikuwa naibu meneja, na kamati ikapitisha kwamba mvua ikinyesha Makau ataenda likizo, na neno la mwisho bandani litakuwa la Lydiah.

Mutisya hakuvunja ahadi yake. Alipita kwenye uwanja wa magogo, akamgusa Simiyu begani kwa mpini wa tezo. "Wewe. Weka shoka chini, njoo ukae kwangu."

Twiga wa kwanza wa Simiyu alizungushwa benchi zima.

"Huyu ni punda anachungulia ukuta," Mutisya alisema.

"Mzee, mimi sijawahi kumwona twiga. Kwetu hawapo."

"Hata mimi sijamwona."

Simiyu alicheka akidhani ni mzaha.

"Sijamwona. Nilimwona baba yangu akimchonga, basi. Yeye ndiye aliyenionyesha shingo inaanzia wapi. Leta kidole. Hapa. Siyo juu ya bega, ni ndani ya bega. Umesikia?"

Kitonga hakukaa kuyatazama hayo. Mwezi wa saba aliondoka na binamu zake wawili, wakafungua banda lao Shauri Moyo. Mutisya hakumzuia, na kwa muda mrefu hakulitaja jina lake bandani. Makau alijua kwamba mpango wake ndio uliomtoa kijana yule mikononi mwa baba yake, na hakutafuta maneno ya kulifunika jambo hilo.

Kwa kuwa mikono ilikuwa mingi sasa, wanyama walianza kutofautiana. Lydiah aliamuru kila benchi liwe na sampuli moja, iliyofungwa kwa kamba juu ya meza, na kila mnyama apimwe nayo. Twiga ndiye aliyekuwa na shida zaidi, kwa sababu shingo ikizidi kidogo tu paa la safina halifungi.

Mvua ya mwaka 1982 iliwahi. Mutisya na nduguze walienda Wamunyu kama kawaida. Makau alienda Kangundo, akapanda shamba lake, akarudi Jericho. Lakini likizo yake ilikuwa haijaisha, naye hakukanyaga bandani. Alisikia tu kwamba benchi la twiga linaendelea, Simiyu akiwa na wachongaji wawili wa Kangundo. Twiga wao walikuwa wagumu kidogo wa shingo, lakini walilingana, na waliingia sandukuni.

Jumamosi moja alasiri Mutisya alifika Jericho akiwa na gunia. Hakuketi.

"Mama Wekulo amenirudishia twiga."

"Twiga gani?"

"Niliochonga nyumbani. Nilipanda asubuhi, jioni nikachonga, nisije mikono mitupu." Alitoa mmoja akamsimamisha mezani. "Tazama, halafu uniambie ana kosa gani."

Makau alimtazama. Alikuwa twiga mzuri kuliko wote aliowahi kuona bandani. Shingo iliinuka ikapinda kidogo, kama mnyama aliyesikia kitu kwa mbali. Aliona pia, bila kupima, kwamba paa lisingefunga.

"Ulimwambia nini Mama Wekulo?"

"Nilimwambia nakuja kwako."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nije tu, njia naijua." Mutisya aliweka mikono nyuma. "Shemeji, nilikuletea kazi hii. Nikasema nitafundisha, nikafundisha. Kijana wangu ameondoka. Sasa mpasua magogo anachonga, twiga wake wanapita, na wangu wanarudi na gunia. Neno lako moja tu linatosha. Paa la safina hizo laweza kuinuliwa."

Wayua alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha pili akiwa na birika. Alimtazama mumewe, kisha kaka yake.

Makau alijua kwamba Mutisya hakuomba kitu kikubwa. Angeandika karatasi ndogo, na Lydiah angeitii, kwa kuwa alikuwa naibu. Twiga wale wangeingia, safina chache zikarekebishwa paa. Na Jumatatu mtu wa tembo aliyekataliwa angepanda kilima kuja Jericho, na Jumanne mtu wa simba, na ofisi ingekuwa hapa, juu ya meza hii.

"Meneja ni yeye mpaka nirudi," Makau alisema. "Na nikirudi, alilosema leo litabaki."

"Mimi nimekupa twiga wa baba yangu."

"Hukunipa mimi, shemeji. Ungekuwa umenipa mimi, ningekurudishia sasa hivi."

Mutisya alivuta kiti, akaketi. Wayua alimmiminia chai, akamchukua yule twiga aliyekuwa mezani, akampangusa kwa leso na kumweka juu ya kabati.

"Huyu ni wangu," alisema. "Hawa wengine fanyeni mtakavyo."

Mutisya alikunywa chai yake yote. "Shingo ipunguzwe kiasi gani?"

"Sijui," Makau alijibu. "Sampuli iko kwa Simiyu."

Walipomaliza, Makau alimsindikiza shemeji yake hadi barabarani, kila mmoja ameshika upande wake wa gunia. Hawakuzungumza habari za kazi. Walipokaribia barabara kuu Mutisya aliuliza kama Makau amewahi kupita Shauri Moyo kuona banda la Kitonga.

"Nimepita mara moja."

"Anachonga nini?"

"Twiga."

"Wakubwa au wadogo?"

"Wakubwa sana," Makau alisema, na Mutisya akatikisa kichwa, akalichukua gunia lote begani mwake.

Safina zilipakiwa kwenye lori kabla ya mwisho wa Novemba. Hakuna aliyekuja Jericho kumwarifu Makau. Alipata habari kwa Wayua, naye Wayua aliisikia sokoni alipokuwa akinunua mboga za sukuma.